Nakula vizuri, sikosi mazoezi, lakini kasi inashuka na hedhi imekatika. Tatizo ni chakula?

Mita1500

Habari zenu wadau wa riadha. Naomba mawazo yenu, hasa wataalamu wa lishe na dada zangu mnaokimbia.

Nina miaka 22, nakimbia mita 1500 na mara nyingine 5000. Sasa nina kilo 54. Mwaka jana nilikuwa na 59, kocha akaniambia nikipungua kidogo nitakuwa mwepesi kwenye mzunguko wa mwisho. Nikaacha wali, mkate, viazi na sukari. Na kweli, miezi ya mwanzo mambo yalinyooka: nilishusha muda wangu bora wa 1500 na kila mtu akanisifu kwamba sasa nina umbo la mkimbiaji.

Sasa hivi hali imegeuka. Vipindi vya mita 400 nilivyokuwa navimaliza nikiwa bado na pumzi, siku hizi nikifika cha tatu miguu imeshakuwa mizito. Nalala saa nyingi lakini naamka nimechoka. Nasikia baridi wakati wenzangu wanatoka jasho. Mafua hayaniishi. Miezi michache iliyopita nilipigwa picha wakaona ufa mwembamba kwenye mfupa wa muundi wa kushoto. Nilipumzika, mfupa ukaunga, nikarudi uwanjani. Na jambo nililosita kuliandika: sijaona siku zangu tangu mwaka jana. Wenzangu kikosini wananiambia ni kawaida, eti ndiyo dalili kwamba mazoezi yamekolea. Zahanati niliyokwenda nilipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili zirudi.

Siku yangu iko hivi. Alfajiri kahawa tupu, kisha kilomita 8 mpaka 9. Saa nne chai na mayai mawili, maana nikitoka kukimbia sina hamu ya kula na nawahi masomo. Mchana mboga za majani nyingi na kipande cha kuku au samaki. Jioni uwanjani, ukijumlisha kupasha mwili, vipindi na kupoa, ni kama kilomita 6 nyingine. Usiku supu, mboga, parachichi nusu, na wali vijiko vichache nikiwa nimechoka sana.

Swali langu: kuna chakula au kirutubisho gani kitakachonirudishia kasi bila kuniongezea uzito? Naona watu wanasifia unga wa protini, kreatini na juisi ya bitiruti. Na hili la hedhi linahusiana na mbio zangu, au ni mambo mawili tofauti?

PumziNdefu

Pole sana dada. Kwa uchovu huo mimi ningeanza na damu. Usiishie kwenye hemoglobini, waombe wapime na ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Yangu hemoglobini ilikuwa nzuri kabisa kumbe akiba imekauka, na muda wote huo nilikuwa nalaumu mazoezi. Bitiruti nakunywa kabla ya mashindano na naona inanisaidia. Protini nayo ongeza. Ya hedhi nawaachia wanaojua.

LisheNaMbio

Mdogo wangu Mita1500, ni jambo moja, si mawili. Hedhi iliyokatika, ufa wa muundi, baridi, mafua na vipindi vinavyokushinda, vyote naviona vinatoka sehemu moja. Huli chakula cha kutosha. Sisemi unakosa chakula fulani maalumu; nasema kiasi chenyewe hakitoshi. Nilikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni lishe ya wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu. Maelezo kama yako nayapata kila msimu, na karibu kila mara yanafungwa kwa ombi lilelile: nipe kitu cha kuongeza kasi ambacho hakitaongeza uzito. Nivumilie basi, nitaandika kwa kirefu.

Tupige hesabu kwanza, maana bila hesabu utadhani nakutisha. Chakula unachokula siku nzima kinalipa kwanza gharama ya mazoezi. Kinachobaki ndicho kinachoendesha moyo, ubongo, kinga, homoni, na kazi ya kujenga upya mifupa na misuli. Wataalamu wanapima hicho kinachobaki kwa kila kilo ya mwili ukishaondoa mafuta. Kwa mwanamke, kilokalori 45 hivi kwa kilo ni mahali pazuri pa kukaa. Chini ya 30 mambo mengi huanza kuharibika. Wewe una kilo 54, tukadirie mwili usio na mafuta ni kilo 44. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita zako 15 ni kama 800. Chakula ulichoorodhesha, hata nikikupimia kwa mkono mkunjufu, sioni kikizidi 1,900. Toa 800, zinabaki 1,100. Gawanya kwa 44, unapata 25. Ili ufike 45 ungehitaji karibu 2,800 kwa siku. Unapungukiwa kama 900, leo, kesho na keshokutwa.

Mwili uliopungukiwa hivyo hauzimiki. Unabana matumizi, kama nyumba ambayo mshahara umekatwa: watoto watakula, lakini paa linalovuja litasubiri. Uzazi ni wa kwanza kusubiri. Ubongo unapunguza ishara zinazoamsha mayai, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, hedhi inakatika. Homoni ya tezi ya shingo nayo inashushwa, ndiyo maana unasikia baridi. Estrojeni ikiwa chini, mfupa unabomolewa haraka kuliko unavyojengwa, na muundi unaogongwa ardhini maelfu ya mara kila siku unapata ufa. Haya hayahitaji miaka. Mtafiti wa Marekani Anne Loucks aliwachukua wanawake vijana wenye hedhi za kawaida, akawapunguzia nishati kwa siku 5 tu, na mapigo ya homoni inayoongoza yai yakavurugika kwa waliowekwa chini ya 30. Siku 5!

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, ikalipitia upya 2018 na tena 2023. Wanaiita kwa kifupi REDs (zamani RED-S), yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Ukilipata tamko hilo, tafuta sehemu inayoeleza athari kwenye michezo yenyewe: ustahimilivu unashuka, nguvu ya misuli inashuka, akiba ya wanga kwenye misuli inapungua, uamuzi unayumba, na mwili unaacha kuitikia mazoezi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi nikisoma ulichoandika. Unafanya kazi yote ya mkimbiaji, tena kwa bidii, na mwili hauna cha kujengea faida yake.

Wanaokuambia kukosa hedhi ni dalili ya mazoezi kukolea wanakupoteza, hata kama wanasema kwa nia njema. Wakimbiaji ninaowasimamia wanaandika siku zao katika daftari lilelile la muda wa vipindi na mapigo ya moyo ya asubuhi, na mimi nazisoma kwa uzito uleule. Siku zikichelewa tunakaa tunaangalia sahani kabla ya kuangalia ratiba.

Kuhusu vidonge. Damu utakayoiona ukivimeza inatokana na homoni za vidonge kukoma kwa siku chache kila mwezi. Haimaanishi ubongo wako umeanza tena kazi, na haiupi mfupa ulinzi unaoutarajia. Mbaya zaidi inaficha dalili, utadhani umepona. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani unashauri visitumike kwa lengo hilo la kurudisha hedhi peke yake. Kama unavihitaji kwa kupanga uzazi hiyo ni habari nyingine, usiviache kabla ya kuzungumza na daktari. Lakini rudi kwa daktari, ikiwezekana anayejua wanamichezo au wa magonjwa ya wanawake. Hedhi ikikosekana miezi 3 mfululizo hiyo ni sababu tosha ya kuonwa. Wapime ujauzito, tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), na sababu nyingine zinazokata hedhi, maana mimi nasoma maandishi tu na sijakuona. Ferritini, kama alivyosema PumziNdefu. Vitamini D. Na kwa kuwa tayari umepata ufa, ulizia kipimo cha msongamano wa mifupa, yaani uimara wake.

Sasa wanga, maana huko ndiko ulikojinyima zaidi. Mazoezi ya 1500 yanachoma wanga. Vipindi vya mita 400 kwa kasi ya mashindano havikimbiwi kwa mafuta ya parachichi, kwa sababu mafuta hayawezi kutoa nishati kwa haraka inayotakiwa. Misuli inategemea glaikojeni, wanga uliohifadhiwa ndani yake, na hifadhi hiyo ni ndogo. Tangu 1967 Wasweden Bergström na Hultman na wenzao walishaonyesha hili kwa kutoa vipande vidogo vya msuli kwa sindano: watu waliokula wanga mwingi walidumu kwenye baiskeli zaidi ya mara mbili ya muda waliodumu walipokula mafuta na protini. Miguu inayokuwa mizito kwenye kipindi cha tatu haishangazi. Umeianza siku na hifadhi nusu, ukachoma alfajiri bila kurudisha, mchana ukala majani, jioni unaidai kasi.

Kwa mazoezi ya saa moja mpaka mbili kwa siku, kadiria gramu 6 mpaka 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako. Kwako ni kati ya 325 na 430. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 27, gramu 100 za wali uliopikwa kama 28. Ukiona hizo namba utaelewa kwamba vijiko vichache vya wali usiku ni tone baharini. Protini gramu 1.2 mpaka 2 kwa kilo zinatosha, na ukizigawa vizuri kwenye milo utazipata kwa mayai, samaki, kuku, maharage na maziwa bila unga wowote. Tena nishati ikipungua, sehemu ya protini yenyewe inachomwa kama kuni, kwa hiyo kuongeza protini juu ya upungufu wa nishati hakutakufikisha mbali.

Mboga zako usizitupe, ila angalia zinachokufanyia. Sahani iliyojaa majani inajaza tumbo kwa nyuzinyuzi na maji, unashiba mapema, na unadhani umekula. Kwa mtu anayekimbia mara mbili kwa siku hiyo shiba inadanganya. Weka mboga pembeni ya wali, zisichukue nafasi yake.

Virutubisho vya dukani, kwa sasa hapana. Bitiruti inafanya kazi kwa baadhi ya watu, ikinywewa saa 2 au 3 kabla ya mbio, lakini faida ni ndogo na kwa waliofunzwa sana inazidi kuwa ndogo. Kreatini ina ushahidi mzuri kwa nguvu na mbio fupi, ila huongeza maji kwenye misuli, na mtu anayeogopa mizani kama wewe ataiacha wiki ya kwanza kwa hofu. Na kuna hili la kuogopa kwa haki: utafiti uliochapishwa 2004 ulipima bidhaa 634 zilizonunuliwa nchi mbalimbali, na 94 kati yake zilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zinakuhesabu wewe kuwa na wajibu kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwako, uwe ulijua au hukujua. Hakuna sababu ya kuingia kwenye hatari hiyo wakati kinachokosekana ni wali.

GiaYaMwisho

Nami niongezee upande wa wanaume, maana tunasoma mijadala hii tukidhani haituhusu. Mimi ni mwendesha baiskeli. Nilipokuwa najipunguza kwa ajili ya milima, nguvu kwenye pedali ilipanda kwa hesabu ya kila kilo, kisha ikaanza kuanguka hata kwa hesabu hiyo. Usingizi ukavurugika, hasira za karibu, hamu ya tendo la ndoa ikapotea kabisa, na asubuhi mwili wa kiume ukawa hauamki. Daktari alipopima, testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa chini kuliko inavyopaswa kwa umri wangu. Hatuna hedhi ya kutuonya, kwa hiyo vijana wenzangu, hiyo hamu na hilo la asubuhi ndivyo vya kuviangalia, na mtu asione aibu kumwambia daktari.

Jambo jingine lililonisaidia ni kula nikiwa juu ya baiskeli. Nikitoka kwa zaidi ya saa moja na nusu nakula gramu 60 za wanga kwa saa, na safari ndefu sana nimejizoeza polepole mpaka 90 kwa kuchanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, kwa kuwa utumbo unavifyonza kwa njia mbili tofauti. Nikirudi nyumbani sina tena ile njaa ya kufagia jikoni usiku.

KochaWaZamani

Kwa heshima zote kwa mtaalamu. Nimefundisha mbio kwa muda mrefu na sijaona mshindi wa mbio ndefu aliye mnene. Uzito ni uzito, kila kilo unaibeba mwenyewe mzunguko baada ya mzunguko. Huyu binti mwenyewe anasema alipopungua muda wake ulishuka. Tukianza kuwaambia wanariadha warudi kwenye sahani za wali, naogopa tutapata timu inayoshiba vizuri na kufika ya mwisho. Labda tatizo lake ni mazoezi mengi, si chakula kidogo.

LisheNaMbio

Kocha, shikamoo. Nakushukuru umelisema wazi, kwa sababu makocha wengi wanalifikiri na hawalisemi, na hapo mazungumzo yanakwama.

Ni kweli alikimbia vizuri miezi ya mwanzo, na nalichukulia hilo kuwa ndio mtego mkubwa kuliko yote. Kilo zikishuka ghafla, uwezo wa kutumia oksijeni ukigawanywa kwa uzito unaonekana umepanda, wakati mifupa, damu na homoni bado vinaishi kwa akiba ya zamani. Muda unashuka, kocha anafurahi, mwanariadha anaongeza kujinyima. Akiba inapokwisha, mtu ameshaamini kwamba njaa ndiyo iliyompa ushindi, na anajinyima zaidi ili kuurudisha. Nimewaona wasichana wenye vipaji wakipita njia hii hatua kwa hatua, na waliokuwa na ufa mmoja wakarudi na wa pili kwenye mguu mwingine. Wembamba tunaowaona kwenye jukwaa la medali ni wale ambao miili yao inaishi hivyo kwa kawaida na bado inalishwa. Waliojikondesha wakavunjika hawapo pale uwanjani tuwahesabu.

Na hao mabingwa hawaogopi wanga. Kwenye marathoni vituo vya vinywaji huwekwa takriban kila kilomita 5, na mezani chupa za wakimbiaji wakubwa zimejaa wanga. Eliud Kipchoge alipokimbia kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 alikuwa akipokea kinywaji cha wanga njiani. Na si jambo jipya: kwenye marathoni ya Boston ya 1924 madaktari walipima damu ya wakimbiaji wakakuta walioishiwa nguvu mwishoni sukari yao iko chini sana, na mwaka uliofuata wakawapa peremende, hali ikawa nzuri zaidi. Miaka 100 hivi sasa.

Kuhusu mazoezi mengi, kocha, hapo hatupingani sana. Dalili za mazoezi kupita kiasi na za kula kidogo zinafanana mno, na mara nyingi ukimchunguza aliyeambiwa amezidisha mazoezi unakuta chakula hakikupanda kilomita zilipopanda. Hesabu ina pande mbili, unaweza kuirekebisha kwa kuongeza sahani au kupunguza kilomita. Kwa huyu binti ningefanya vyote viwili kwa muda.

Ombi moja kwako na kwa makocha wenzako, nalitoa kwa moyo wote. Acheni kupima wasichana uzito mbele ya wenzao. Kama kuna mwanariadha ambaye kweli kupungua kutamfaa, jambo hilo lifanywe nje ya msimu, taratibu, kwa siri yake na mtaalamu, na kamwe asiwe binti anayekua wala mtu ambaye hedhi yake imeyumba. Sentensi moja ya kocha kuhusu mwili wa binti wa miaka 17 anaishi nayo miaka mingi.

KochaWaZamani

Marahaba. Hilo la kupima mbele ya watu nimelisikia, na nalikubali. Hilo lingine nitalifuatilia.

Mita1500

Asanteni sana nyote. Dada LisheNaMbio, nimesoma yote mara mbili na nimeshaomba miadi na daktari wa wanawake. GiaYaMwisho, asante kwa kusema wazi, nimemtumia kaka yangu.

Nina hofu mbili naomba mnisaidie. Alfajiri tumbo langu halipokei kitu, nikila nasikia kichefuchefu. Na ya pili, niseme ukweli, naogopa mizani. Nikianza kula hivyo uzito utapanda kiasi gani, na hedhi itarudi lini? Mashindano ya majaribio ya timu ni baada ya miezi mitatu.

LisheNaMbio

Tumbo linafundishika kama miguu. Anza na kidogo kabisa: nusu ndizi, au nusu glasi ya juisi, au maji yenye asali, dakika chache kabla ya kutoka. Wiki hiyo kimbia taratibu tu. Lisipolalamika ongeza mpaka ndizi nzima, kisha kipande cha mkate. Kahawa inywe baada ya hicho kidogo, si badala yake. Ukirudi, usisubiri hamu ya kula ije yenyewe, kwa sababu mazoezi makali huizima kwa muda. Beba kitu kwenye begi: maziwa au mtindi na mkate, au wali na mayai uliobaki jana. Unatafuta kama gramu 20 za protini na wanga wa kutosha ndani ya saa moja hivi. Katika ratiba yako yote hakuna nafasi mbaya kuliko ile kati ya alfajiri na saa nne. Saa zote hizo mwili umechoma, haujapewa kitu, na hata kama jioni ungekula vizuri, saa nyingi za upungufu ndani ya siku moja bado zinaugusa mfumo wa homoni.

Usiruke hadi 2,800 kesho asubuhi. Ongeza kilokalori 300 mpaka 500 kwa siku, kaa hapo wiki mbili, kisha panda tena. Kikombe cha uji wa shayiri uliopikwa kwa maziwa na ndizi juu yake ni karibu hiyo yote. Na rudisha wali mchana na usiku, sahani ya kawaida ambayo hutaipima kwa vijiko.

Mizani. Siku chache za kwanza itapanda, labda kilo moja au mbili, nakuambia mapema ili usishtuke. Kila gramu ya glaikojeni inahifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Hicho unachokiona kikipanda ni mafuta ya gari, si mafuta ya mwili. Baadaye huenda ukaongezeka zaidi, na sitakudanganya kwamba hutaongezeka. Ulikuwa na kilo 59 na hedhi yako ilikuwepo. Inawezekana mwili wako unafanya kazi vizuri karibu na hapo. Ningependa uondoe mizani chumbani kwako, na uzito ukihitajika kupimwa apime daktari. Kama ukiona hofu hiyo inakutawala, unashindwa kula hata ukiwa na njaa, au unakimbia ili kufidia ulichokula, mwambie daktari hilo nalo. Lina wataalamu wake na linatibika.

Hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, wengine zaidi ya hapo. Nguvu ya vipindi na usingizi kwa kawaida vinatangulia, utaviona mapema zaidi. Mfupa ndio wa mwisho. Kwa hiyo hayo majaribio, zungumza na kocha wako sasa. Mimi nisingekuruhusu ujiandae kwa ajili ya mashindano kabla daktari hajaona muundi wako na mifupa yako kwa ujumla. Mwili wa miaka 22 bado unaongeza mfupa, na nafasi ya kuongeza inapungua ukikaribia miaka 30. Kwa wiki sita za mwanzo toa mazoezi ya jioni siku mbili kati ya zile ulizo nazo, usiongeze kilomita mahali pengine, na siku moja kwa wiki usikimbie kabisa.

Chai ya saa nne isogeze, iwe saa moja au mbili mbali na mlo, kwa kuwa inazuia ufyonzaji wa chuma. Mlo wenye maharage au mayai uweke na chungwa au tunda lingine lenye vitamini C. Vidonge vya chuma usianze mwenyewe kabla ya majibu, maana chuma kikizidi nacho kinadhuru. Ferritini ikitoka chini na daktari akakuandikia, mwulize kama unaweza kukimeza asubuhi mara tu baada ya kukimbia. Saa chache baada ya mazoezi homoni inayoitwa hepsidini hupanda na kufunga mlango wa chuma, kwa hiyo nusu saa ya kwanza ina faida kuliko mchana. Majibu yakitoka yaandike hapa pamoja na viwango walivyotumia maabara, tupange milo kwa namba zako mwenyewe.